Setilaiti Haikukosea, Mbona Tunaisahihisha?

Jioni moja ya mwaka 2019 nilikuwa mgeni katika maabara ya fizikia ya shule moja ya upili, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Mimi ni mtu wa isimu, na mara ya mwisho kukaa katika maabara ya aina hiyo nilikuwa bado ninavaa kaptura. Lakini mwalimu wa somo hilo, ambaye tunajuana, alikuwa ameniambia kwamba siku hiyo angewasikilizisha wanafunzi wake setilaiti ya Kenya ikipita juu ya vichwa vyao. Jambo kama hilo mtu hangoji kusimuliwa.

Setilaiti yenyewe ilikuwa 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, na uzito wake kilo moja na kidogo. Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho kilichoitengeneza, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani. Iliachiliwa angani tarehe 11 Mei 2018 kutoka chumba cha Kijapani cha Stesheni ya Kimataifa ya Anga. Chumba hicho kinaitwa Kibo. Kwa Kijapani maana yake ni tumaini, ilhali sisi tunalijua neno hilo kuwa kilele cha Kilimanjaro. (Wanaisimu hufurahia sadfa za namna hii kupita kiasi, msomaji aniwie radhi.) Ilikuwa ikituma habari zake kwa megahezi 437 na ushei, katika mkanda unaotumiwa na wanaredio wa ridhaa, yaani wale wanaorusha na kupokea mawimbi kwa kupenda tu, bila mshahara wala biashara, wakiwa na leseni na alama ya kuitana. Wanaredio hao wa ng'ambo waliunasa ujumbe wake wakaufumbua, na hata picha ilizopiga wakazipata.

Vifaa vya mwalimu wetu havikuwa vya kutisha: kipokezi kidogo kinachochomekwa katika kompyuta kama flashi, antena aliyoiunda mwenyewe kwa vipande vya waya na ubao, na programu ya kufuatilia setilaiti. Simu yake ilimwonyesha sawasawa wakati wa setilaiti kuchomoza. Kompyuta, kwa bahati mbaya, ilikuwa imewekewa saa ya Eldoret mahali palipotakiwa saa ya dunia. Kwa kuwa saa yetu inaitangulia ile ya dunia kwa saa tatu, programu iliamini kwamba setilaiti iko mbali, chini ya upeo wa macho, ikatulia tuli. Kazi yake ya kufuatilia mawimbi na kuyanyoosha haikuifanya.

Basi tukayaona mawimbi jinsi yalivyo. Kwenye kioo cha kompyuta, mahali ambapo alama za ujumbe zingepaswa kushuka kwa mstari mmoja ulionyooka, zilianza mbali upande wa kulia wa namba iliyotarajiwa, zikashuka polepole, kisha setilaiti ilipofika karibu na utosi zikakimbia kuelekea kushoto, na mwishowe zikatulia huko kushoto hadi zilipozama. Mwalimu alihangaika na vitufe. Wanafunzi walitazama. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Ikija iko juu, ikienda iko chini."

Mwalimu aligeuka akamtaka aseme jambo hilo "vizuri", yaani kwa Kiingereza. Msichana akanyamaza. Kipindi kikaendelea, kanuni ikaandikwa ubaoni kwa herufi zake za Kigiriki, nao wote wakainakili.

Ningependa kuitetea sentensi ile. Katika miaka yangu ya kufundisha nimesoma maelezo marefu ya jambo lile lile yaliyoeleza machache kuliko yale maneno sita.

Mwaka 1842, huko Prague, mwanahisabati Christian Doppler alidai kwamba rangi ya nyota inayotujia haiwezi kuwa sawa na rangi yake inapotuondokea. Miaka mitatu baadaye Mholanzi Buys Ballot alilijaribu dai hilo kwa sauti: aliwapakia wapiga tarumbeta katika gari la moshi karibu na mji wa Utrecht, akawaweka wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize. Sauti ilipanda treni ilipokuja, ikashuka ilipokwenda. Mkazi wa Eldoret hahitaji treni ya Utrecht. Na asimame kando ya barabara ya Uganda usiku, lori liendalo Malaba lipite likipiga honi kwa mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa. Atasikia honi ikiteremka kiasi cha sauti mbili za kinanda zilizo jirani, papo hapo linapompita. Dereva hakugusa chochote. Honi ni ile ile.

Sababu yake ni nyepesi. Tuseme mfanyabiashara anatoka Nakuru kuja Eldoret, na kila baada ya saa moja anamtuma tarishi mbele yake apeleke habari. Kila tarishi anaanza safari akiwa karibu na Eldoret kuliko aliyemtangulia, kwa hiyo watawasili kwa nafasi iliyo chini ya saa moja. Mfanyabiashara akirudi Nakuru na kuendelea kutuma matarishi nyuma, watawasili kwa nafasi inayozidi saa moja. Yeye mwenyewe hajabadili ratiba yake hata kidogo. Weka mawimbi mahali pa matarishi, nawe umeielewa fizikia yote inayotakiwa hapa.

Sasa tuitazame lugha. Katika maelezo haya yote kuna vitenzi viwili vinavyobeba mzigo: kuja na kwenda. Vitenzi hivi havielezi mwendo tu. Vinaeleza mwendo kwa kumtazama mtu fulani aliyesimama mahali fulani. Lori moja, katika nukta moja ya wakati, linakuja kwangu na linakwenda kwa mwenzangu aliye nyuma yake. Wanaisimu tuna sura nzima za vitabu juu ya maneno ya aina hii, maneno ambayo hayana maana mpaka ujue nani anasema na amesimama wapi. Nalo jambo la Doppler ni hilo hilo: marudio ya wimbi hayapandi wala kushuka kwenye setilaiti, yanapanda na kushuka kwa yule anayepokea, kwa sababu ya mahali alipo. Mtoto aliyekua akisema "njoo" na "nenda" amekwisha kupewa nusu ya somo na mama yake. Sisi tunamnyang'anya nusu hiyo mlangoni mwa maabara.

Nimetumia neno "marudio", na pengine msomaji amejiuliza kwa nini sikusema "masafa" kama watangazaji wetu wa redio. Nitaeleza, maana hapa pana mtego. Masafa kwa asili ni umbali, na maana hiyo ingali hai. Matumizi ya redio yakalipa neno hilo kazi ya pili, ya kutaja idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Kwa mtu anayetafuta stesheni ya muziki hakuna hatari yoyote. Lakini jaribu kueleza kupita kwa setilaiti: masafa yake yanapungua, kwa hiyo masafa yake yanaongezeka. Mwanafunzi atadhani mwalimu amerukwa na akili! Neno "marudio" nalo lina kasoro zake, kwani timu zinazotoka sare huenda kwenye mechi ya marudio, lakini angalau halitugonganishi katika sentensi moja. Badiliko lenyewe nimezoea kuliita mhamo wa Doppler, kwa kuwa wimbi linahama kutoka mahali pake kwenye namba za redio. Atakayekuwa na neno bora na alilete; sina miliki.

Kiasi cha mhamo huo ndicho kinacholeta kazi. Setilaiti iliyo kilomita 400 juu ya ardhi hukimbia kilomita 7.6 hivi kila sekunde. Mwanga na mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukigawanya, unapata sehemu ndogo mno, mbili na nusu hivi katika laki moja. Lakini sehemu hiyo ndogo ya megahezi 437 ni kilohezi 10 na zaidi kidogo: setilaiti inapochomoza unaipata juu ya namba yake kwa kilohezi 10, na inapozama unaipata chini kwa kilohezi 10. Katika mkanda wa megahezi 145, ambao wanaanga wa Stesheni ya Kimataifa wameutumia kwa miaka mingi kuzungumza na wanafunzi, mhamo hauzidi kilohezi 3.5 hivi, na sikio la binadamu husamehe. Binadamu akimsikia mwenzake amepandisha sauti kidogo, haachi kumwelewa.

Mashine haisamehi. Mitindo ya dijitali hutuma ujumbe kwa kubadili sauti au awamu ya wimbi kwa hatua ndogo zilizopimwa, na mpokezi anayetegea mahali pasipo sauti hapati hata herufi. Tuchukue FT8, mtindo uliotolewa mwaka 2017 ambao umewavutia wanaredio wa ridhaa dunia nzima. Unatumia sauti nane, na kati ya sauti moja na inayofuata pana hezi 6.25 tu, ujumbe mzima hauchukui upana zaidi ya hezi 50, na hudumu sekunde 12.64. Mtu aliyeketi Eldoret akizungumza na mwenzake wa Japani kwa mtindo huo, wote wakiwa wametulia chini, hana haja ya kumkumbuka Doppler. Hata akiwa ndani ya matatu iendayo kilomita 100 kwa saa, katika megahezi 14 mhamo wake ni hezi moja na kidogo. Na lau mhamo ungekuwa mkubwa lakini usiobadilika, bado kusingekuwa na taabu, kwani programu hutafuta mahali ujumbe ulipo kabla ya kuufumbua. Kinachoharibu ni mhamo unaohama. Setilaiti ya kilomita 400 inapopita utosini, marudio yake katika megahezi 437 huporomoka kwa hezi 200 hivi kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 12.64: ujumbe uliohitaji hezi 50 unakuwa umesambaa katika zaidi ya hezi 2,000. Hakuna wa kuufumbua.

Ndiyo maana kuna kazi ambayo vitabu huiita kusahihisha. Programu huchukua namba zinazoeleza mzingo wa setilaiti, ikaambiwa mahali ulipo wewe na saa kamili, ikakadiria kila nukta setilaiti inakujia au inakuondokea kwa mwendo gani, kisha ikakizungusha kipokezi kwa kiasi hicho. Inapokuja, pokea juu. Inapokwenda, pokea chini. Ukitaka kuitumia ujumbe, fanya kinyume: inapokuja, tuma chini kidogo ya namba yake, ili mwendo wake uupandishe ujumbe hadi pale inaposikiliza. Kinyume hiki huwapiga chenga watu wengi, hata waliohitimu, na bado kinajieleza chenyewe mara tu unapouliza ni nani anayesikiliza na amekaa wapi.

Kazi hiyo inataka uangalifu. Namba za mzingo huchakaa, maana hata huko juu kuna hewa nyembamba inayozipunguza mwendo setilaiti za chini, na mtu anayetumia namba za mwezi uliopita atafuatilia setilaiti isiyokuwapo. Saa ikikosea kwa dakika moja, setilaiti itakuwa imekwisha kusogea kilomita 460 kutoka pale programu inapodhani. Nasi wasemaji wa Kiswahili tuna ziada yetu: saa mbili usiku ya bibi yangu ni saa 20 ya ratiba ya ndege na ni saa 17 ya dunia. Mwanafunzi wa Eldoret anazibeba saa tatu kichwani bila kupewa maksi hata moja.

Lakini je, kazi hii ni kusahihisha? Kwetu walimu, kusahihisha ni kalamu nyekundu. Husahihishwi mpaka uwe umekosea. Setilaiti haikukosea. Ilituma pale pale ilipopangiwa. Kipokezi nacho hakikukosea. Kilichotokea ni mwendo kati ya hao wawili, na mwendo si kosa. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa zaidi, nacho ni kufidia: kulipa kilichopunguzwa, kurudisha kilichozidi, bila kumlaumu yeyote. Tunafidia mhamo wa Doppler. Neno likikaa sawa, mwanafunzi hatafuti tena mkosaji. Anatafuta kiasi na upande.

Najua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na anayemfundisha mtoto sayansi kwa Kiswahili anamfelisha. Sipuuzi hofu hiyo. Ni ya mzazi aliyelipa karo. Lakini sikuomba mtihani ubadilishwe kesho. Naomba kwamba mwanafunzi anapoona jambo kwa macho yake, aruhusiwe kulisema kwanza kwa lugha aliyo nayo mdomoni, kisha Kiingereza kije kikute kitu cha kutafsiri. Kwa wengi wanaoingia chuo kikuu mambo ni kinyume: Kiingereza kimefika, na hakuna kitu ndani yake. Mara kadhaa nimewauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi, wenye alama nzuri, setilaiti inapokuja nigeuze kitufe upande gani? Huiandika kanuni bila kukosea, kisha hunitazama.

Itasemwa pia kwamba Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Istilahi zipo. Baadhi ni ngumu kutafuna, nakubali. Istilahi hulainika kwa kutumiwa, na kamusi iliyofungiwa kabatini hailainishi chochote. Tena tusiwasingizie Watanzania kwamba wao wamekwisha kufika. Huko nako sayansi ya sekondari imefundishwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi.

Na itasemwa kwamba haya ni mambo ya wageni. Hapa ndipo ninaposhindwa kuvumilia. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha mwaka wa saba wa kujitawala, setilaiti ya utafiti wa mionzi ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika bahari ya karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Uhuru ndiyo iliyogundua kwamba chanzo kimoja cha eksirei, kiitwacho Cen X-3, hupiga kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.8 hivi. Wataalamu wakaona mapigo hayo yakikaribiana, kisha yakiachana, kisha yakikaribiana tena, kwa mzunguko wa siku mbili na kidogo. Kilikuwa kinakuja na kwenda. Ni nyota iliyokuwa ikimzunguka mwenzake, kama vile Doppler alivyozifikiria nyota pacha zake kule Prague. Mwaka 1974 Wamarekani Russell Hulse na Joseph Taylor walikuta mapigo ya namna hiyo katika mawimbi ya redio, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1993. Na Joseph Taylor huyo, mwanaredio wa ridhaa tangu ujana wake, ndiye aliyeshirikiana na Steve Franke kuubuni ule mtindo wa FT8 niliousimulia hapo juu. Mtu yule yule aliyesoma kuja na kwenda kwa nyota ndiye aliyewapa watu wa kawaida njia ya kupeana salamu kwa hezi 50.

Kwa hiyo msichana wa maabara ile alikuwa ndani ya mazungumzo marefu, nayo yamewahi kupita Malindi. Alikuwa ameyaona kwa macho yake, bila programu kuyanyoosha kwanza. Hapo ndipo ninapotofautiana hata na wapenzi wa vifaa. Programu njema hufidia kimya kimya, mstari ukanyooka, na mtoto asijue kwamba kulikuwa na kitu cha kufidia. Laiti saa ya kompyuta ingekuwa sahihi jioni ile, tungalipata ujumbe wa setilaiti na tungalikosa ile sentensi.

1KUNS-PF iliungua ilipozama katika hewa ya dunia mwaka 2020. Stesheni iliyoizaa bado inapita juu ya Eldoret mara kadhaa kwa siku, na mwalimu yule bado anayo antena yake ya waya na ubao. Amekwisha kuirekebisha saa ya kompyuta. Nimemwomba kwamba wanafunzi wapya wakija, mara ya kwanza setilaiti ipite programu ikiwa imezimwa, mstari upinde kadiri utakavyopinda, na asiandike lolote ubaoni mpaka mmoja wao aseme anachokiona. Ameniuliza, "Na wakisema kwa Kinandi?" Nikamwambia hapo atuite sote wawili, maana ningependa kusikia Kinandi kinasemaje kuja na kwenda.